Kuchoka na kusahau kazini ukiwa na miaka 52: je, ni homoni?

SWALI: Daktari, nina miaka 52, ni mtunza ghala Kurasini. Naamka saa 10 alfajiri niwahi daladala ya kutoka Chanika, nalala saa 5 usiku. Tangu mwaka jana mchana nakuwa hoi, nakosea hesabu za mzigo, hasira ziko karibu na hamu ya tendo la ndoa imepungua. Nilipima testosteroni, homoni ya kiume, jioni nikitoka kazini, ikaonekana ndogo. Nimeshauriwa nichome sindano za homoni hiyo. Nianze?

JIBU: Usianze bado, ndugu yangu. Testosteroni huwa juu asubuhi, kisha hushuka kadiri siku inavyosonga, na chakula huishusha zaidi. Kipimo chako cha jioni hakitoshi kuamulia. Pima tena kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla ya kula. Ikiwa ndogo, rudia siku nyingine, na usipime ukiwa na malaria au homa yoyote. Ikiwa chini ya nanomoli 8 kwa lita mara zote mbili, na dalili unazo, upungufu huenda ni wa kweli. Ikiwa kati ya 8 na 12, ipimwe pia testosteroni huru, yaani ile isiyoshikamana na protini za damu.

Mwanaume hakatikiwi homoni ghafla. Hupungua taratibu, wastani wa asilimia 1 hivi kwa mwaka. Kazi ikiharibika ndani ya mwaka mmoja, mimi hutafuta kwanza chanzo kingine: sukari, upungufu wa damu, tezi ya shingo, pombe, sonona. Vipimo hivyo vya damu viombe siku hiyohiyo. Muulize mkeo kama unakoroma na kukatiza pumzi usingizini.

Halafu usingizi wako wenyewe: masaa 5 ni machache mno. Vijana wenye afya waliolala masaa 5 kila usiku kwa wiki moja tu, testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Lala saa 3 usiku kwa mwezi mzima uone. Wakati huo, kuhesabu mzigo kufanye asubuhi. Mzigo wa mchana uhakikiwe na mwenzako kabla hujasaini.

Sindano huzima utengenezaji wa mbegu, hivyo kama bado mnatafuta mtoto, mwambie daktari mapema. Zile dawa za nguvu za kiume za mitaani ziache kabisa: baadhi huchanganywa kimyakimya sildenafili, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, na kwa anayetumia dawa za moyo aina ya naitreti, presha huporomoka. Ukianzishiwa sindano, kipimo cha tezi dume na cha chembe nyekundu za damu vifanywe kabla, kisha virudiwe baada ya miezi 3 hadi 6. Ujazo wa chembe hizo ukivuka asilimia 54, sindano inasimamishwa.