Kwa mliofika Uingereza juzi: ugali, mchicha na jua la saa tatu usiku

Wiki yangu ya kwanza hapa Leicester nilipika gundi. Sisemi ugali ulikuwa mlaini au una madonge, hapana, gundi kabisa, ile ya kubandikia mabango ya kampeni. Nilikuwa nimeingia supamaketi nikaona kiboksi kimeandikwa cornflour, nikajiambia corn si mahindi, flour si unga, shida iko wapi, nikabeba viwili. Nimechemsha maji, nikamimina, nikakoroga, mara sufuria nzima imegeuka kitu cheupe kinang'aa kinavutika kama kamasi. Ilikuwa Januari 2016, nimetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nina njaa, nje kweusi bado, nikakaa pale jikoni nikalia jamani.

Basi wadogo zangu mliofika juzi, na mlio kwenye hizi kazi za kulea wazee kama mimi, la kwanza kabisa nataka mjue huku majina yanadanganya. Cornflour ya Waingereza ni wanga mtupu wa mahindi, wao wanaweka kijiko kimoja kwenye mchuzi ili uwe mzito, basi. Unga wa ugali tafuta palipoandikwa white maize meal, uko maduka ya Waafrika na ya Wahindi, ule wa Iwisa wa Afrika Kusini unafanana kabisa na sembe yetu. Polenta ni mahindi ya njano, ukikwama inaliwa, ila usimwambie mtu wa kwetu umepika ugali.

Hapa Leicester tuna bahati moja ambayo miji mingine hawana sana. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Wahindi Uganda, halmashauri ya hapa ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije, mji umejaa. Wakaja hivyo hivyo, wengi tu, na wa Kenya wengine walishatangulia. Leo ukitembea Belgrave Road ile wanayoiita Golden Mile unaelewa mji ulipata nini. Sasa mimi naingia duka moja kule natafuta muhogo, nauliza kwa Kiingereza changu cha kukariri, do you have cassava please, kijana wa pale hanielewi, mzee aliyekaa nyuma ya kaunta akaniangalia weee, akasema, "Wewe toka wapi?" Nikasema Tanga. "Aaah, Tanga! Mimi zaliwa Jinja. Hapa sema mogo, dada. Mogo." Kumbe muhogo umefika mpaka Uingereza na jina letu, umekatwa herufi mbili tu njiani. Uko kwenye friza, umeshamenywa na kukatwa, na kwenye mahoteli yao unauzwa wa kukaanga na pilipili, mogo chips.

Ule muhogo ndio ulioniokoa Ramadhani. Mwaka ule ilianguka Juni, na Juni huku jua linazama saa tatu na nusu usiku, naongea saa zetu sio za kwao, saa tatu na nusu usiku watu ndio wanafuturu. Nimeshinda kazini, narudi, jua bado linawaka, nimelala, nimeamka, jua bado lipo! Ila futari ilikuwa mezani, muhogo wa nazi kama kwa mama. Na nazi usihangaike na zile zilizorundikwa supamaketi, nyingi zimekaa mpaka ndani zimeoza, nunua ya kukunwa iliyogandishwa, ipo maduka ya Wahindi hasa wa Kusini na ya Wasri Lanka, weka kwenye blenda na maji ya moto kidogo, chuja, unapata tui la kwanza na la pili bila mbuzi wala kukatika vidole. Za kopo nazo sawa, ila soma nyuma asilimia ya nazi, kuna nyingine ni maji yaliyopakwa rangi.

Mengine ya sokoni kwa haraka. Sukuma wiki mwenzake anaitwa spring greens, kachukue hizo, achana na zile kale zilizokatwakatwa na vijiti vyake kwenye mfuko. Kibua ni mackerel na ni wa bei nzuri. Ukienda kwa mchinjaji wa halali ukaona mutton uliza vizuri, mara ni kondoo mara ni mbuzi, inategemea nani anauza. Viungo vya pilau usinunue vile vichupa vya supamaketi, kichupa kimoja cha iliki hakimalizi hata sufuria mbili.

Haya jikoni sasa. Wengi mnakuja na sufuria kutoka nyumbani, mimi nilibeba mbili za alumini ndani ya begi nimezijaza nguo, na nyumba ya kwanza niliyopanga ilikuwa na jiko la indaksheni, ile kioo cheusi. Unaweka sufuria, unawasha, jiko linalia pii pii linazima. Nikadhani limeharibika nikampigia mwenye nyumba, akaja na kisumaku cha kwenye friji akakibandika chini ya sufuria yangu kikadondoka. Ndio nikaelewa, sufuria isiyoshika sumaku jiko hilo halina habari nayo. Kwa hiyo kabla hujabeba mizigo muulize mwenyeji wako jiko ni la aina gani, na ukienda kununua sufuria za mitumba kwenye maduka ya hisani nenda na sumaku mfukoni, watu watakuangalia lakini utarudi na kitu cha maana.

Mita za umeme na gesi nyumba nyingi za kupanga ni za kulipia kwanza kama LUKU tu, unaenda dukani unajaza. Sasa hapo ndio kwenye habari ya maharage. Mtu anataka kuokoa umeme ananunua lile jungu la kupika polepole, slow cooker, anatupia maharage mekundu mabichi asubuhi anaenda kazini. Usifanye hivyo kabisa. Maharage mekundu yana sumu yake ya asili na lile jungu halipandi moto wa kutosha kuiua, utatapika na kuhara mpaka ujute. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, kisha yachemke kwelikweli, yatokote dakika kumi kamili, baada ya hapo ndio unaweza kuyahamishia kwenye jungu lako. Au nunua presha kuka, mimi ndio kitu cha kwanza ninachomwambia mgeni anunue, hata kabla ya televisheni.

Na fungua dirisha. Najua baridi, najua hita inakula hela, lakini ukichemsha makande masaa mawili madirisha yote yamefungwa, ule mvuke unaenda kukaa ukutani chumba cha kulala, mwezi haujaisha kuna madoa meusi ya ukungu nyuma ya kabati. Mimi nilikatwa kwenye dipoziti yangu kwa sababu ya ukungu huo, wakala akasema nilikuwa napika sana, nikabaki najiuliza napikaje kidogo. Alamu ya moshi nayo itakulilia ukikaanga samaki, usiitoe betri, fungua dirisha tu na upunge taulo kama wenzio.

Sasa bustani, na hapa ntakaa kidogo maana ndipo nilipokosea zaidi.

Kwetu shamba linaongozwa na mvua. Unasubiri masika, mvua ikinyesha unapanda, kiwe Machi kiwe Novemba joto lipo tu. Huku mvua sio habari, ipo mwaka mzima, kinachoongoza ni mwanga na baridi. Desemba jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limeshazama, Juni unapata karibu saa 17 za mwanga. Tena jua la huku halipandi utosini. Linapita upande wa kusini, limeinama, wakati wa baridi linachungulia tu juu ya paa za nyumba. Hili hakuna aliyeniambia. Nilipanga nyanya zangu ukuta wa kaskazini wa nyumba kwa kuwa kulikuwa na nafasi, zikawa ndefu, nyembamba, za njano, hazikuona jua hata siku moja. Kwa hiyo kabla hujachimba, toka nje mchana saa saba, angalia kivuli kinaangukia wapi.

Halafu Aprili. Aprili ya huku ni tapeli. Wiki ya pili jua kali, Waingereza wamevaa kaptula, wanachoma soseji, na wewe unasema basi joto limefika, unatoa mchicha wako nje. Mimi niliutoa, trei nzima, miche yangu nimeilea dirishani kama watoto. Asubuhi moja naamka nyasi zote nyeupe, jalidi, ule umande unaogeuka barafu, na mchicha umelala chini mweusi kama umemwagiwa maji ya moto. Huku katikati ya nchi mpaka katikati ya Mei jalidi bado linaweza kupiga. Siku hizi napanda mbegu za mchicha kwenye vikopo vya mtindi mwanzoni mwa Mei, ndani, dirisha la kusini, na Juni ikianza naanza kuvizoesha, mchana nje usiku ndani, wiki nzima, ndio napandikiza. Ukifanya hivyo utakula kuanzia Julai mpaka Septemba. Chuma vichwa tu using'oe, utachipua tena pembeni. Mwisho wa Agosti siku zikifupika unaanza kutoa mashuke, hapo acha mashina mawili matatu ya mbegu.

Mbegu zenyewe msije nazo kwenye mabegi, nyingi zinatakiwa cheti cha afya ya mimea, na nyama na maziwa vivyo hivyo usijaribu, watakunyang'anya uwanja wa ndege uanze maisha kwa aibu. Mchicha upo hapa hapa. Wajamaika wanauita kalalu, Wabangladeshi wana mwekundu wanauita lal shak, ni mchicha huo huo, uliza kwa jina lao utapewa.

Na adui wa yote ni konokono wasio na nyumba. Miche 12 usiku mmoja, asubuhi vijiti. Watu wanashauri uzike kikombe cha bia waingie wazame, mimi nikawaza nikaonekane dukani nanunua bia kwa ajili ya konokono nani ataniamini. Natoka na tochi saa nne usiku nawaokota na glavu. Zile chenga za buluu za zamani za kuua konokono, zenye sumu ya metaldehyde, zimepigwa marufuku tangu 2022 kwa ajili ya ndege na wanyama, ukikuta mtu anakuuzia zilizobaki stoo achana nazo, zipo za fosfeti ya chuma.

Kama huna kiwanja cha nyumba, kuna alotmenti. Ni vipande vya ardhi vingi vikiwa vya halmashauri, sheria yake ya tangu 1908, unakodi kwa mwaka na bei yake sio kubwa. Kipande kizima ni kama mita za mraba 250, usichukue kizima! Chukua nusu. Ukishindwa kulima nyasi zikapita magoti wanakuandikia barua halafu wanampa mwingine. Foleni ni ndefu, sehemu nyingine miaka, kwa hiyo andikisha jina wiki hiyo hiyo unayopata anwani, hata kama hujui kushika beleshi. Mimi nilipata baada ya miaka mitatu na nusu.

Siku yangu ya kwanza pale nikakuta kona moja mpangaji wa zamani kaacha mmea mzuri ajabu, majani mapana kama ya maboga, mashina mekundu. Nikasema Mungu si Athumani, mboga hii hapa nimeikuta inanisubiri. Nikakata majani mfuko mzima, mashina nikayatupa, akilini nshaweka nazi na nyanya chungu. Nafika getini nakutana na nani, yule mzee wa Jinja, kumbe ana kipande pale miaka na miaka. Akachungulia mfuko. "Dada, hii nini?" Mboga. Akaunyakua mfuko mkononi mwangu. "Hapana! Hii sumu! Hii rhubarb! Kula miguu, tupa majani!" Mimi nilikuwa nimefanya kinyume chake. Tukarudi wote kuokota mashina kwenye takataka, akanionyesha namna ya kuyavuta, unashika chini unapinda huku unavuta, hukati na kisu.

Waingereza wanayapika na sukari nyingi, mi sikupenda. Lakini ni machachu kama ukwaju, basi mimi nayakata vipande viwili vitatu natupia kwenye mchuzi wa vibua, na bizari, na pilipili mbuzi moja nzima. Jaribuni.

Baada ya mchicha kuisha usikunje mikono. Oktoba zika punje za kitunguu saumu, kinataka baridi hicho, bila baridi hakigawanyiki. Novemba panda broad beans, zinavumilia, zinalala Januari yote zikiwa urefu wa kidole, Machi zinaamka. Mchicha uliozidi uchemshe kidogo, ukamue, ugandishe kwenye vimfuko vya mlo mmoja.

Yule mzee kila vuli nampa bahasha ya mbegu za mchicha. Mwaka huu naye kaniletea yake, methi, anasema inaota vizuri tu kiangazi. Juu ya bahasha kaandika kwa peni nyekundu, herufi kubwa, UWATU. Nimeiweka kwenye droo ya vijiko, inasubiri Mei.