Kuvunja barafu ndiyo kazi nyepesi

SWALI: Nasomea uundaji wa meli. Kampuni ikitaka meli ya kuhudumia visima vya gesi chini ya bahari ya Aktiki mwaka mzima, kwa nini isinunue tu meli ya kuvunja barafu, ikapakia roboti na winchi?

JIBU: Kwa sababu meli ya kuvunja barafu imeumbwa kwenda, na hiyo unayoitaka kazi yake ni kusimama. Isimame juu ya kisima kilicho mita 300 chini, bila nanga, siku kadhaa, roboti ikining'inia kwenye kebo na barafu yote iliyoizunguka ikitembea.

Kwenye maji yasiyo na barafu, kompyuta hupima upepo na mkondo, ikaziamuru propela ziishikilie meli palepale. Barafu haina adabu hiyo. Hujikusanya ubavuni, husukuma, halafu huvunjika ghafla na meli ikachupa upande wa pili. Omo, yaani mbele ya meli, likilala huipinda barafu mpaka ikatike. Ubavu uliosimama wima huisaga tu, na kusaga kunakula nguvu nyingi zaidi. Kwa hiyo kila barafu inapobadili njia, meli lazima igeuke kuikabili kwa omo au kwa tezi, yaani nyuma ya meli. Mimi ningechora ncha zote mbili ziwe za kuvunja, na propela za kuzunguka nyuzi 360. Tempera na Mastera, meli za mafuta za Finland za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilijengwa ziende kinyumenyume kwenye barafu nzito, kwa hiyo hilo la tezi si ndoto.

Mwaka 2004, kilomita 250 hivi kutoka Ncha ya Kaskazini, meli ya Vidar Viking ilichimba sampuli za sakafu ya bahari huku meli za kuvunja barafu Sovetskiy Soyuz na Oden zikiivunjavunja barafu kabla haijaifikia. Meli tatu kwa shimo moja, tena mwezi wa Agosti na Septemba! Piga hesabu ya Januari.

Halafu kuna tundu. Roboti huteremshwa kupitia tundu lililo katikati ya meli, maana ubavuni kebo ingekatwa na barafu. Lakini vipande vinavyovunjwa na omo huteleza chini ya tumbo la meli na kuibukia humo humo. Ukichungulia unaona uji mzito wa barafu, na kebo yako imepita katikati. Tumbo la meli lichongwe livisukume vipande pembeni, tundu liwe na mlango chini, na maji yake yapashwe moto. Mchoro wangu ungeanzia hapo.

Muulize pia mteja: bahari ipi? Kule Snøhvit, eneo la visima vya gesi chini ya bahari huko Norway, kilomita 143 kutoka pwani, bahari haigandi. Kinachosumbua ni mawimbi. Tumbo la mviringo la meli ya kuvunja barafu huenda mrama vibaya mno huko, na roboti haiteremshwi meli ikiyumba hivyo.

Maji yanayoruka huganda juu ya sitaha. Kanuni za kimataifa za meli za maeneo ya ncha, zilizoanza kutumika Januari 1, 2017, zinataka uhesabu kilo 30 kwa kila mita ya mraba ya sitaha iliyo wazi. Sitaha ya mita za mraba 1,000 ni tani 30, zote juu, pale usipozitaka. Ifunike, roboti ikae ndani penye joto.

Kuhusu daraja la barafu, yaani kipimo cha uimara wa meli dhidi ya barafu (PC1 ndiyo imara kuliko zote, PC7 ya chini kabisa), PC6 na PC7 ni za kiangazi na vuli. Kwa mwaka mzima anzia PC5. Kama eneo lina barafu iliyovuka kiangazi bila kuyeyuka, panda hadi PC4 au PC3, ukijua kila daraja linaongeza chuma, na chuma hicho kitakupunguzia uzito wa kreni na vifaa unavyoweza kubeba.