Miaka 11 nyumba ya chini: nilivyohangaika na radoni

Dada uliyeuliza kuhusu nyumba ya Kangemi hapa Nairobi, nimekusoma mara mbili. Umekaa humo miaka 9, chumba cha nyuma kimechimbiwa kwenye mteremko, umesoma mambo ya radoni, ile gesi ya mionzi inayotoka ardhini, na sasa kila ukikohoa unapiga hesabu ya hiyo miaka. Tena unauliza kama uhame. Ngoja nikuambie yaliyonipata, kwa sababu mimi nilikaa miaka 11 kwenye nyumba kama hiyo upande wa Ngara, ukuta wa nyuma wote umeegemea udongo.

Hofu yangu ililetwa na simu ya kaka yangu. Alikuwa ananunua nyumba Pennsylvania, akaambiwa apime radoni kwanza. Akanisimulia kisa cha Stanley Watras, mfanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Limerick huko huko. Mwaka 1984 alikuwa akipita kwenye mashine za kukagua mionzi, zinalia. Ajabu ni kwamba zililia hata akiwa anaingia kazini. Walipokwenda kupima kwake wakakuta radoni zaidi ya mara 600 ya kiwango ambacho Wamarekani huambiwa warekebishe nyumba. Kaka akamalizia, "Na wewe si unalala chini ya ardhi?" Usiku huo usingizi ulinipaa.

Kesho yake nikakimbilia eksirei ya kifua. Pesa zilikwenda bure. Daktari aliiangalia, akaniuliza swali moja tu: "Unavuta?" Nilikuwa navuta nusu pakiti kwa siku. Akanieleza kwamba radoni haina dalili zake za kukuonya, na kwamba kliniki haina kipimo cha damu wala mkojo cha kukuambia umevuta kiasi gani miaka iliyopita. Kinachopimika ni nyumba.

Radoni ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Inatokana na urani iliyomo kwenye mawe na udongo, inapenya kwenye nyufa za sakafu na pembeni mwa mabomba. Yenyewe unaivuta na kuitoa. Shida ni vile inavyogeuka kuwa chembechembe za poloni zinazoganda kwenye vumbi, zikibaki mapafuni zinatoa mionzi papo hapo. Nje hewa inaipeperusha. Ndani, hasa chumba cha chini kisichopitisha hewa, inajikusanya. Ni chanzo cha saratani ya mapafu, hilo halina ubishi tangu 1988 ilipowekwa kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

Lakini shika hesabu hii, ndiyo iliyonituliza. Mwaka 2005 watafiti wa Ulaya waliunganisha tafiti 13 za radoni majumbani. Kati ya watu 1,000 ambao hawajawahi kuvuta sigara, wanaokufa kwa saratani ya mapafu kabla ya miaka 75 ni kama 4 pasipo radoni, 5 ikiwa nyumba ina bekereli 100 (ndicho kipimo cha mionzi) kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na 7 ikifika 400. Kwa wavutaji ni 100, 120 na 160. Ziangalie tena. Mimi nilikuwa nalia na ukuta huku sigara iko mkononi! Niliacha, kwa shida, na kurudia mara mbili.

Kaka alinipa kimashine cha kupimia alipokuja Desemba. Nilikiweka mbali na dirisha na jikoni, usawa wa kitanda, nikakiacha miezi, maana kipimo cha siku mbili tatu hakikuambii mengi. Radoni hupanda na kushuka. Sebuleni wastani ulikuwa bekereli 55. Chumba cha nyuma, mwezi wa Julai, mlango umefungwa: 210. Shirika la Afya Duniani linataka nyumba isizidi 100, na nchi ikishindwa kabisa basi isipite 300. Kwa hiyo hapakuwa salama, ila pia hapakuwa kwa Watras.

Hapo ndipo nikakumbuka matundu ya hewa juu ya dirisha. Unajua nyumba zetu za mawe zinajengwa nayo, na unajua pia tunavyoyaziba kwa ajili ya mbu na baridi. Nikapanda kwenye kiti, nikachomoa magazeti. Moja lilikuwa na habari za uchaguzi wa 2007, na mimi niliingia humo 2009! Nikaweka wavu wa mbu pale, fundi akaziba nyufa za sakafuni na pembeni mwa bomba la choo kwa simiti. Kipimo kilichofuata kilikuwa 80. Ukungu wa ukutani nao ukapungua.

Na tukiwa kwenye hayo matundu: ukiyaziba ukawasha jiko la makaa ndani, hapo hatuzungumzii miaka 9. Hapo ni usiku mmoja tu. Kila msimu wa baridi watu hawaamki hapa Nairobi kwa sababu hiyo, na sijaona mtu akikosa usingizi kwa ajili ya jiko vile wewe na mimi tulivyoukosa kwa ajili ya radoni.

Kikohozi chako usikipachike radoni. Umesema kimepita wiki 3, basi nenda hospitali ya serikali wakupime kifua kikuu, ni bure, dawa pia ni bure. Waambie pia kama mnawasha mkaa ndani, na kama kuna anayevuta sigara ndani ya nyumba. Ukitema damu au ukikonda, usingoje wikendi.

Kuhama? Ningekuwa wewe ningefungua matundu leo, nihamishe vitanda kwenda chumba cha mbele, kisha nipime. Ikizidi 300 hata baada ya hapo, tafuta nyumba ya juu. Mimi nilihama mwaka uliofuata, lakini radoni haikuhusika. Landlodi alipandisha kodi.