Mombasa hadi London: kilomita na saa

Dada, umeuliza mama atakaa saa ngapi angani Mombasa hadi London. Umbali ni kilomita 7,200 hivi. Ndege ingeenda moja kwa moja, saa nane na nusu au tisa. Akipitia Nairobi, kwanza ni safari fupi isiyofika saa moja, halafu kusubiri, na huko kusubiri ndiko kunakomchosha mtu mzima. Muombee kiti cha magurudumu mapema, hata kama anatembea vizuri.

Tarehe nayo iangalie sana: tiketi ikiandikwa Nairobi 00:30 Ijumaa, huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Alhamisi jioni mshatoka nyumbani, na foleni ya daraja la Nyali mwaijua wenyewe! London wako nyuma yetu saa tatu, mbili wakati wao wa joto.