Tairi la 28 kwenye ringi ya 29: jibu kwa timu ya Ujiji

SWALI

Shikamoo, Fundi. Mimi na wenzangu watatu tunaishi Ujiji, na mwezi wa saba tumealikwa na marafiki zetu wa Tabora kukaa nao mwisho wa juma porini, upande wa Igombe, tukilala kwenye mahema Ijumaa na Jumamosi. Jumamosi kutakuwa na mashindano ya kupokezana ya baiskeli za milimani. Kila timu ina watu wanne, anayeendesha ni mmoja kwa wakati, mzunguko una kilomita 9, na timu itakayokamilisha mizunguko mingi zaidi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni ndiyo itakayoshinda. Baiskeli zetu tatu ni za magurudumu ya inchi 29 na moja ni ya 26. Matairi ya akiba ya 29 ni ya shida hapa kwetu, na fundi mmoja ametushauri tununue matairi na tyubu za 28 za Phoenix, kwa maelezo kwamba la 28 ni dogo kidogo tu kuliko la 29, hivyo litavutika. Je, ni sahihi? Tujaze upepo kiasi gani, ikiwa mwepesi wetu ana kilo 62 na mzito ana kilo 85? Na tubebe nini, maana tutasafiri kwa treni na mizigo mingi hatuiwezi?

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Nianze na lile ambalo mkilikosea litawagharimu fedha kabla hata hamjapanda treni: tairi la 28 la Phoenix halikai kwenye ringi ya 29, na sababu yake si kwamba ni dogo, bali ni kwamba ni kubwa mno. Najua jambo hili linapingana na hesabu ya kawaida, kwa hiyo nakuomba ulifute vumbi tairi la baiskeli yako ubavuni na usome maandishi madogo yaliyotokeza kwenye mpira. Utaona 29 x 2.25, na karibu yake utaona namba mbili zenye kistari katikati, 57-622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha mahali ambapo ukingo wa tairi hukaa juu ya ringi. Kisha nenda kwenye Phoenix yoyote hapo mtaani. Utasoma 28 x 1½ na pembeni yake 40-635. Kinachoamua kama tairi litakaa au halitakaa ni 622 na 635 peke yake. Hizo 28 na 29 ni majina tu.

Majina hayo yametokana na kipenyo cha nje cha gurudumu likiwa limekwisha kuvalishwa tairi. Chukua 622, ongeza 57 mara mbili, kwa kuwa tairi lipo juu na chini, utapata milimita 736, ambazo ni inchi 29. Chukua 635, ongeza 40 mara mbili, utapata milimita 715, ambazo ni inchi 28 na kidogo. Kwa hiyo gurudumu la 29 limeitwa hivyo kwa sababu ya unene wa tairi lake, ilhali ringi iliyomo ndani ni ndogo kuliko ringi ya Phoenix kwa milimita 13. Mkivalisha tairi la Phoenix juu yake, litaingia kwa urahisi wa kufurahisha, likiwa limelegea kwa takriban sentimita 4 kuzunguka ringi nzima. Mtakapojaza upepo, ukingo utaruka nje upande mmoja, tyubu itachungulia na kupasuka. Likiwaruka mkiwa mmesimama, mmepoteza tyubu. Likimruka mwenzenu kwenye mteremko, ataumia vibaya, na ndiyo maana nalisema kwa ukali.

Tyubu ni habari nyingine kidogo, kwa sababu tyubu huvutika. Tyubu ya 26 inaweza kuvutwa ndani ya tairi la 29 na kumrudisha mtu kambini polepole, lakini ya 29 ndani ya 26 hujikunja, na pale ilipojikunja hutoboka. Tyubu ya Phoenix nayo ingeweza kuokoa jahazi mara moja, ila angalieni tundu la valvu kwenye ringi zenu. Baiskeli nyingi za 29 hutumia valvu nyembamba, ambayo tundu lake lina milimita 6 hivi, ilhali valvu ya Phoenix na ile ya mtindo wa gari huhitaji tundu la milimita 8. Msikubali mtu awatobolee ringi ili ipanuke. Ringi nyembamba ikitobolewa hupata ufa pale pale kwenye tundu.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba mtafute tairi moja tu la akiba lenye namba 622, hata kama ni la mitumba, hata kama ni jembamba kuliko yenu, mradi ukingo wake uwe mzima. Tairi zima kuharibika ni nadra. Fedha iliyobaki iende kwenye tyubu.

Nije kwenye upepo, ambako naona timu nyingi hupotea. Sisi tumelelewa na Phoenix, baiskeli inayobeba magunia mawili ya mkaa kutoka porini hadi mjini, na kwa mzigo ule ni sawa kabisa kujaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe. Baiskeli ya milimani haibebi mkaa. Njia za msitu wa miombo huku Tabora zina mizizi, visiki vilivyokatwa chini, na kila mnapokaribia mbuga kuna kichanga kirefu. Tairi gumu hurushwa na kila mzizi na huzama kwenye kichanga kama kisu. Tairi lenye upepo wa wastani hujilaza juu ya kichanga na kushika. Upepo ukipungua mno nako, ringi hugonga mzizi na kuibana tyubu, na mtaijua pancha ya namba hiyo kwa matundu yake mawili yaliyokaa sambamba.

Kwa tairi la 2.25 lenye tyubu ndani, mwenzenu wa kilo 62 aanze na PSI (kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji) 24 mbele na 27 nyuma, na yule wa kilo 85 aanze na 30 mbele na 33 nyuma. Walio katikati waongeze PSI 2 kwa kila kilo 8 hivi kuanzia kwa mwepesi. Mwenye baiskeli ya 26, ikiwa tairi lake ni jembamba, aongeze 3 juu ya hesabu hiyo. Pimeni kwa geji, si kwa kidole gumba, maana kidole hakiwezi kutofautisha 27 na 35. Pimeni asubuhi kivulini. Mwezi wa saba asubuhi ya Tabora ni baridi, na kufikia saa nane mchana upepo ule ule utakuwa umepanda kwa PSI 2 hivi kwa joto la hewa peke yake, na zaidi kama baiskeli imeachwa juani. Ijumaa mchana zungukeni mara moja bila haraka, kisha mrekebishe: mkisikia ringi ikigonga, ongezeni 2, baiskeli ikiruka-ruka, punguzeni 2.

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza tairi kuliko gia, fremu au mazoezi ya miguu. Kilomita 9 kwa mwendo wa kilomita 13 na nusu kwa saa ni dakika 40, yaani mizunguko 18 kwa saa 12. Mtu akiongeza bidii sana, pengine atapunguza dakika moja kwa mzunguko. Timu nzima itakuwa imeokoa dakika 18 kwa siku. Mtu asiyezoea kubadilisha tyubu, akiwa peke yake porini, mikono ikitetemeka, humaliza nusu saa. Pancha moja imekwisha kula bidii ya wanne. Mtu aliyefanya mazoezi hutumia dakika nane hadi kumi, kwa hiyo kila mmoja wenu abadilishe tyubu ya nyuma mara tano kabla ya safari, hapo nyumbani, mmoja wenu akishika saa.

Pale Afrika Kusini kuna mashindano ya Cape Epic, yaliyoanza mwaka 2004, ambamo timu ni ya watu wawili na kanuni inawataka wasiachane kwa zaidi ya dakika mbili. Huko mmoja anaweza kubeba pampu na mwenziwe tyubu. Mashindano yenu si ya namna hiyo. Anayezunguka yuko peke yake, na vilivyoko kambini havimsaidii akiwa kilomita ya tano. Kwa hiyo kila mmoja awe na tyubu ya saizi yake, pampu ndogo, vijiti viwili vya plastiki vya kutolea tairi na viraka kadhaa, vyote vimefungwa kwenye baiskeli wala si mfukoni. Bisibisi iacheni, imetoboa tyubu nyingi mpya kuliko miba. Kambini wekeni tyubu tano za 29 na tatu za 26, pampu ya mguu yenye geji, solusheni, lile tairi la akiba, kiungo cha akiba cha mnyororo pamoja na kifaa cha kukatia, mafuta mepesi ya mnyororo, na kipande cha tairi kuukuu cha urefu wa kidole cha kuweka ndani pale tairi linapochanika.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho sijaona timu ikikibeba, nacho ni ufagio. Adui mkubwa wa tairi hapa kwetu ni mbigili, na mbigili haioti kwenye kivuli cha msitu. Huota mahali palipo wazi na kukanyagwa, kando ya barabara, kwenye malisho na viwanjani, yaani mahali hasa ambapo watu hupiga mahema na kupokezana. Baada ya mvua kuisha tunda lake hukauka na kupasuka vipande vitano, kila kipande kikiwa na miba mirefu miwili, na kikianguka vyovyote vile, kuna mwiba unaotazama juu. Niliwahi kuchomoa mbigili 11 kwenye tairi moja la kijana aliyeapa kwamba njia ilikuwa safi, na ilikuwa safi kweli: alizichukua zote kati ya hema lake na mstari wa kuanzia. Fagieni uwanja wa kupokezana Ijumaa jioni, jua likiwa limelala, kwa kuwa kivuli cha kila mbigili huonekana vizuri wakati huo, na kati ya hema na njia baiskeli ibebwe begani.

Mbigili ikiwa imekwisha kuingia, msiichomoe njiani ikiwa upepo bado upo, kwa sababu mara nyingi mwiba wenyewe ndio umeziba tundu. Maliza mzunguko, kisha uutoe kambini. Baada ya kuvua tairi, pitisha kitambaa cha pamba ndani yake mzunguko mzima. Ncha iliyobaki, hata isiyoonekana, itanasa nyuzi za kitambaa, na kidole chako kitasalimika. Ukisha kukwangua tyubu na kupaka solusheni, subiri dakika tano mpaka isinate tena ukiigusa, ndipo ubandike kiraka. Viraka vingi vinavyobanduka vimebandikwa solusheni ikiwa mbichi.

Dawa ya pancha, ile ya majimaji meupe inayotiwa ndani, naiunga mkono kwa safari hii. Inaziba matundu ya ukubwa wa mbigili bila mtu kusimama. Hata hivyo inahitaji valvu ambayo moyo wake unafunguka, na hukauka baada ya miezi michache, kwa hiyo tieni wiki ya safari, kiasi cha mililita 100 kwa kila gurudumu. Kuondoa tyubu kabisa na kutegemea dawa pekee nisingeshauri, isipokuwa ringi na matairi yenu yametengenezwa kwa ajili hiyo. Ya kubahatisha hufumuka kwenye kona.

Mahali pa kupiga hema mtaonyeshwa na wenyeji wenu, ila inueni macho kabla ya kufunga kamba: Tabora ni nchi ya asali, na mizinga hutundikwa juu ya miti ambayo kivuli chake kinavutia. Msilale chini yake wala kuwasha moto karibu. Nguo nazo, mkiweza, zisiwe za buluu wala nyeusi, kwa sababu mbung'o huzifuata rangi hizo, na hupenda kitu kinachotembea.

Kuhusu treni, toeni magurudumu yote na mpunguze upepo, lakini usiishe kabisa, ili tairi liendelee kuikinga ringi. Kama breki zenu ni za diski na za mafuta, kateni vipande vya boksi gumu na kuvipachika kati ya pedi mara tu gurudumu linapotoka, kwa kuwa mtu akibonyeza mkono wa breki bila diski kuwepo, pedi zitafungana na gurudumu halitaingia tena mpaka zipanuliwe. Funga kipande hicho kwa uzi kisidondoke njiani, na mkifika Tabora msikitupe, kwani mtakihitaji Jumapili mnaporudi.