Madogo wa gereji, pikapu ikigoma asubuhi ya baridi msikimbilie pampu

Jumanne hii nimefika gereji saa moja kasoro asubuhi, ukungu bado umelala barabarani hapa Njombe, nakuta madogo wawili wameizunguka Hilux ya mteja, injini 3L ya dizeli, mmoja anapiga stata bila kupumzika mpaka waya zinanuka, mwenzake kashika tambara lenye petroli pale kwenye mdomo wa ea klina, pale injini inapovuta hewa. Wa tatu alishaanza kulegeza paipu za pampu. Nilipiga kelele mpaka mama wa chapati akatoka nje kuangalia nani kafa. Jamani nawapenda, mna mikono mizuri kuliko mimi nilivyokuwa umri wenu, ila kila ikifika mwezi wa sita na wa saba ni hadithi ile ile, nasema kwa mdomo inasahaulika, basi mwaka huu naandika.

1. Moshi kwanza, spana baadaye. Mtu mmoja apige stata, wewe simama nyuma uangalie ekzosi. Ukitoka moshi mweupe mzito unaochoma macho, mafuta yanafika kwenye silinda ila hayawaki, maana yake joto halitoshi, sasa pampu unaifungua unatafuta nini? Usipotoka moshi kabisa, mafuta hayafiki, hapo ndo utazungumza habari za hewa kwenye paipu, filta, selenoidi ya kuzimia (ile swichi ya umeme inayokata mafuta ukizima gari). Hizo ni njia mbili tofauti kabisa na dakika moja tu inakuambia ushike ipi.

Dizeli haina cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Huku kwetu tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, halafu hedi na bloku, vile vyuma vikubwa vya injini, vimelala kwenye baridi usiku kucha, vinanyonya lile joto kidogo linalopatikana. Ndo maana mnaletewa kila siku gari ya mtu kaitoa Dar mwezi jana, anaapa kule ilikuwa inawaka kwa kugusa tu, na hadanganyi. Kule Dar hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha joto silinda kabla ya kuwasha, zinaweza kufa zote nne na mwenye gari asijue miaka mitatu. Akipanda huku, siku ya pili tu anatafuta watu wa kusukuma.

2. Umeme upimwe kwa mita, sio kwa kuwasha taa na kusema "betri iko fiti". Betri iliyolala ikiwa imejaa inasoma volti 12.6, ikisoma 12.0 hiyo imekaribia kuisha. Wakati wa kupiga stata ikishuka chini ya 9.6 usiende mbele, malizana na betri kwanza, baridi inaipunguzia nguvu wakati huo huo oili imekuwa nzito. Halafu athi, njia ya umeme kurudi betri kutoka kwenye injini, hii hamuipimi kabisa: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, waya wa athi umeoza au umefungwa juu ya rangi na kutu. Brashi ya waya na msasa, dakika kumi, umemaliza. Stata ikigonga tiki tiki tu na taa hazififii, angalia kopa zake, vile vipande vya shaba vya kugusanisha umeme ndani yake.

3. Hita plagi. Fungua kile kibati kinachounganisha zote nne (spana ya 8, na msidondoshe nati, dogo mmoja alizitafuta mpaka saa sita mchana), funga klipu ya testa (taa ya kupimia) kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha kila plagi. Isiyowasha testa imekufa. Rahisi. Halafu rudisha kibati upime kama umeme unafika pale ukifungua swichi, maana plagi zinaweza kuwa nzima na rilei, swichi ya umeme inayozipa moto, ndo imekufa.

Na hapa nikae kidogo, kwa sababu Jumanne nilimsikia mmoja wenu anasema "rilei ya nini, tuvute waya dairekti tuweke kitufe". Nilisimama pale nikakosa cha kusema.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka miwili ya ufundi. Kulikuwa na mzee mmoja anabeba viazi kutoka vijiji vya Makete kupeleka Makambako, Hilux yenye 2L, gari ndo shamba lake, ndo ada za watoto. Alikuwa ananiita mwanangu. Asubuhi gari ilikuwa haiwaki mpaka aombe vijana wa kusukuma. Nikapima plagi, tatu zimekufa, nikanunua seti mpya, nikafunga, bado. Rilei zake mbili zilikuwa hazishiki. Sikutaka kuhangaika kutafuta rilei, nikavuta waya mnene kutoka betri mpaka kwenye kibati nikaweka kitufe kwenye dashibodi, nikamwambia mzee bonyeza, hesabu mpaka ishirini, ndo upige stata. Asubuhi iliyofuata ikawaka mpigo mmoja. Mzee akaniletea ndoo nzima ya viazi, na mimi nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Wiki ya tatu akanipigia saa kumi na moja alfajiri. Anasema mwanangu imekuwa ngumu tena, imewaka lakini kuna mlio, kama kokoto kwenye kopo. Nilikuwa kitandani, baridi ile mnaijua. Nikamjibu, hiyo ni nozo mzee, kile kinachonyunyiza dizeli, piga trip yako, ukirudi uniletee. Sikuiona gari, sikuisikia, nimempa jibu nikiwa ndani ya blanketi.

Ikamfia njiani usiku akiwa na mzigo. Alilala kwenye kabini na baridi yote, viazi nyuma, na mnunuzi wake Makambako akachukua mzigo wa mtu mwingine. Tulipoivuta nikafungua hedi. Plagi ya silinda ya tatu haikuwa na ncha. Mbili nyingine ncha zilikuwa zimevimba kama vichwa vya njiti za kiberiti, hazipiti hata kwenye tundu lake. Vipande vya ile ncha vilikuwa vimepenya mpaka juu ya pistoni, uso wake umetobokatoboka kama mtu kaugonga na msumari, ringi ya juu imekatika vipande. Nikaiokota plagi, nikaifuta na kidole gumba, pembeni pale kwenye chuma kuna maandishi madogo kabisa: 6V, yaani volti sita.

Plagi hazikuwa na kosa na duka halikuwa na kosa. Gari ile ilitengenezwa hivyo: rilei ya kwanza inazipa moto wote sekunde chache, zinakuwa nyekundu haraka, halafu rilei ya pili inapitisha umeme kwenye rizista, kipunguza umeme, unashuka. Mimi nikazipa volti 12 mfululizo, kila asubuhi, sekunde ishirini. Nilizichoma mwenyewe. Pistoni, ringi, gasketi ya hedi, kazi yote nililipa mimi, ilinichukua miezi minne kumaliza deni la spea. Mzee hakugomba. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia nisitembee?" Mpaka leo sina jibu la kumpa.

Kwa hiyo kabla hujafunga plagi isome, na mfumo wa gari uujue. Na mteja akikuambia mlio mpya, mwambie azime, umfuate alipo, hata kama ni alfajiri na hata kama unaumwa.

4. Tambara la petroli, hapana. Hita plagi zikiwa za moto halafu umeingiza mvuke wa petroli, unalipuka kabla pistoni haijafika juu, na nguvu yote inarudi kwenye ringi na konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Watu wanasema "gari hii imeshazoea petroli". Haijazoea, ringi zimekatika, kompresheni (mbano wa hewa) imepungua, ndo maana haiwaki tena bila petroli.

5. Ikipaki usiku imeinamia nyuma na asubuhi haitoi moshi, bonyeza kile kipampu cha mkono juu ya filta. Kikiwa laini na kinachukua mibonyezo mingi mpaka kikakamae, hewa inaingia sehemu na dizeli imerudi kwenye tenki. Kagua mipira na klipu mpaka upate, usimuuzie mtu pampu. Na maji ya chini ya filta myamwage.

6. Oili, ile namba kabla ya W ndo ya baridi. 20W-50 kwa dereva anayelala Makete au kule Kitulo ni kuionea stata, mpe 15W-40.

7. Jiko la mkaa chini ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, kuipasha joto: najua madereva wanafanya, najua linasaidia, ila mmeona mipira ya dizeli inavyovuja. Kwenye gereji yangu hapana.

8. Ugonjwa wa asubuhi hauonekani mchana. Hili ndo linaniudhi kuliko yote, mteja analeta gari saa tano, injini ya moto, mnaiwasha mara kumi, inawaka, mnamwambia haina tatizo. Gari ya namna hiyo inalala hapa, nje, boneti imefungwa, na hakuna anayegusa ufunguo.

Kesho jioni yule mama wa mbao analeta pikapu yake. Ipakini pale kwenye mteremko, pua iangalie juu, ufunguo mpeni mlinzi. Nitafika saa kumi na mbili kamili, na msiiwashe kabla sijafika, nataka wote watatu msimame nyuma ya ekzosi mniambie mnaona nini.