Kabla Hujaomba Upolisi, Shika Daftari la Mtaa

Tangazo la ajira za Jeshi la Polisi likitoka, simu yangu haitulii. Vijana wa mtaani kwetu wanajua nina miaka sita kwenye ulinzi shirikishi, yaani doria ya wakazi wenyewe, basi wanaamini nina mtu wa kuwashika mkono. Sina. Na atakayekuambia anaye, kisha akakutajia hela ya "kusogeza jina", huyo ni tapeli. Maombi hupokelewa mtandaoni, kwenye mfumo wa ajira wa Jeshi lenyewe, na hayalipiwi. Gharama yako ni nauli ya usaili na nakala za vyeti.

Nilicho nacho mimi ni daftari.

Nilipojiunga, komanda wetu alikuwa mzee aliyeanzia sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanakijiji, huko Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wafugaji walipochoka kuibiwa ng'ombe. Aliiona sungusungu ikitambuliwa kisheria mwaka 1989, akaiona Polisi Jamii, mpango wa polisi kushirikiana na wananchi, ikisukumwa nchi nzima enzi za Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema. Usiku wangu wa kwanza wa doria nilitegemea kupewa rungu. Akanipa kaunta buku na kalamu ya bluu. "Mwanangu, rungu kila mtu analiweza. Wewe andika."

Miezi michache baadaye, saa 8 usiku, tukasikia kelele za mwizi. Tulimkuta kijana ameketi mtaroni, mdomo umevimba, na mtu mmoja tayari kaokota tofali. Mzee hakupaza sauti. Alimwingiza kijana ofisi ya mtaa, akamkalisha juu ya ndoo iliyofunikwa, akasimamisha wenzetu wawili mlangoni, akaniambia niandike: jina, saa, aliyemkamata, alichokutwa nacho. Simu moja nyeusi, kioo kimepasuka kona ya juu kushoto. Nusu saa baadaye kijana alikuwa kituoni, mzima. Sheria inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, lakini inamtaka amfikishe polisi bila kuchelewa. Kumpiga si kazi yako, wala kumtoza faini. Ukikuta kikundi kinachotoza, ondoka siku hiyohiyo.

Kesi ilifika Mahakama ya Mwanzo, nikaitwa shahidi. Ule mpasuko wa kioo ulinibeba, maana mwenye simu aliueleza vilevile. Ndipo mshtakiwa akaniuliza swali moja tu: "Ulinikamata Jumatano au Alhamisi?" Daftarini niliandika "usiku wa Jumatano". Kituoni, kwa kuwa saa 6 ilishapita, waliandika Alhamisi. Nikababaika, hakimu naye anaandika. Kesi ikayumba palepale. Mwenye simu, mama anayeuza vitumbua kona ya kwetu, alitoka nje bila kunitazama. Tangu siku ile kila tukio la usiku naliandikia tarehe kamili na neno "kuamkia".

Nakusimulia haya kwa sababu vijana wengi wanaonipigia wanawaza gwaride la Moshi, kwenye shule ya polisi, na magwanda. Mafunzo yale yana mwisho wake. Baada yake unakaa kaunta, na anayekuja kaunta mara nyingi amekuja katika siku mbaya kuliko zote za maisha yake. Aliyepigwa anahitaji PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, tena haraka. Aliyebakwa anahitaji mtu wa kumwambia asioge wala asifue nguo kabla ya kuonwa na daktari, kisha amsindikize hadi Dawati la Jinsia na Watoto. Niliwahi kumsindikiza binti mmoja usiku. Tukaambiwa turudi asubuhi. "Sawa afande, tutasubiri hapahapa kwenye benchi," nikajibu, nikamfunika khanga yangu. Tulikaa saa mbili na zaidi mpaka askari wa kike wa dawati akaitwa kutoka nyumbani. Huyo askari alipofika hakuuliza neno kwanza, alimpa maji. Nikasema moyoni, kazi hii ingenifaa.

Na nikaomba. Tangazo lilitaka futi 5 na inchi 4 kwa wanawake, mimi nina futi 5 na inchi 2. Niliumia, sikufichi. Kwa hiyo soma vigezo neno kwa neno kabla hujajenga ndoto: umri, kimo, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, michoro mwilini, ndoa na watoto. Angalia pia fani. Jeshi lina mafundi magari, wataalamu wa TEHAMA, wanamaji, wahudumu wa afya, kikosi cha mbwa na farasi, hata wapiga tarumbeta wa bendi.

Ulinzi shirikishi hautakupa nafasi ya upendeleo, wala mshahara. Kwetu tunaishi kwa michango ya kaya na kuna miezi haiji kabisa. Ukitaka kujaribu, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kitambulisho chako, omba akukutanishe na mkaguzi wa polisi wa kata, jiandikishe. Usipite doria kabla jina lako halijajulikana kituoni.

Mtoto wa jirani yangu anasubiri tangazo lijalo. Nimemwambia aje kwanza miezi mitatu. Jumamosi hii tuko naye zamu, na nimemnunulia kalamu mbili, ya pili iwe akiba wino ukigoma saa 9 usiku.